Mashine Iliyovishwa Kitambaa

Pale Lubao, ukishawapita watu wa mbuzi na kamba zao, kuna mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani siku nyingi zilizopita. Rangi yenyewe sasa imebaki pembeni tu, pale ambapo mikono ya watu haifiki. Humo ndimo Muhonja anamochapia. Si chumba kikubwa. Kina meza moja, viti viwili, printa isiyojua rangi nyingine isipokuwa nyeusi, na kompyuta ya zamani, ile ya kuwa na skrini yake mezani na sanduku lake kando. Aliinunua siku shule fulani ilipokuwa inauza vitu vyake vilivyochakaa, na hata siku hiyo watu walimcheka. Miaka kumi na mitatu imepita tangu wacheke. Watu humwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki. Alikuwa karani wa shule, kazi ikaisha, akafungua mlango wake mwenyewe.

Kazi yake kubwa ni vitabu vya mazishi. Mtu akifariki huku hazikwi kimyakimya. Lazima pawe na kitabu chenye picha yake mbele, na ndani yaandikwe maisha yake yote: alizaliwa wapi, alisoma mpaka wapi, alioa nani, akazaa nani, na hao nao wakazaa nani. Wakwe nao wamo. Na hapo kwenye majina ndipo penye moto, kwa maana mtu anaweza kusamehe kunyimwa kipande cha shamba, lakini kuachwa nje ya kitabu cha babake hasamehi mpaka naye aandikiwe chake. Kwa hiyo, kabla kitabu hakijachapwa kwa wingi, nakala moja hupelekwa nyumbani kwa marehemu, jamaa wote wakaketi, mmoja akasoma kwa sauti. Asiyesikia jina lake huinua mkono. Muhonja alijulikana kwa hilo. Vitabu vyake vikisomwa, mikono ilikuwa inabaki magotini.

Siku hizi lakini kuna Mitchel. Huyu ni msichana aliyefungua duka ng'ambo ya barabara, ana laptopu mbili na printa ya rangi. Ana adabu zake, kila asubuhi anavuka barabara kuja kumwamkia Muhonja, na kila mwezi anapata vitabu viwili vitatu ambavyo zamani vingeingia mlango wa kijani. Muhonja hakumchukia. Msichana anatafuta chakula kama watu wengine. Aliona tu kwamba barabara imeanza kuinama upande ule.

Basi Jumatatu moja akaingia Osundwa, amevua kofia. Babake, Mzee Wesley, mkulima wa miwa aliyejulikana kutoka hapo mpaka mtoni, alikuwa amefariki wiki iliyotangulia, na angezikwa Jumamosi. Osundwa ndiye mwanawe wa kwanza. Alishika kurasa zilizochanwa kutoka kwenye madaftari matatu, miandiko mitatu, kwa sababu mzee alikuwa na wake watatu na kila nyumba iliandika ya kwake. Akaziweka mezani, akakaa, na akasema bila kuzunguka kwamba ndugu zake wadogo, wakiongozwa na Titus, wanataka kazi ipelekwe kwa Mitchel ili picha ya mzee itoke na rangi ya koti lake.

"Nimewaambia hapana," akasema Osundwa. "Rangi itatusaidia nini mama mdogo akifungua akose watoto wake ndani? Wewe uliandika kitabu cha babu, unatujua. Lakini Mwalimu, wacha nikuambie ukweli. Alhamisi saa kumi kinasomwa nyumbani. Ukiniangusha mbele ya Titus, hakuna mtu wa ukoo huu atakanyaga hapa tena."

Muhonja alijua ukoo huo. Ulikuwa karibu nusu ya Lubao, na nusu iliyobaki ilikuwa imeoa huko. Akapanga zile kurasa vizuri, nyumba kubwa juu, akamwambia Alhamisi nakala itakuwa tayari.

Osundwa alipoondoka, Muhonja akawasha mashine na kuanza. Aliandika jina la mzee, mwaka wa kuzaliwa, shule aliyoacha darasa la nne. Alikuwa amefika kwenye harusi ya kwanza wakati skrini ilipozimika, fyu, kama mtu aliyefumba jicho. Akaiwasha tena. Ikaamka, ikafikiri sana, akaandika mistari sita, ikalala. Mara ya tatu haikumaliza hata kufungua. Mtu mwingine angeipiga kofi ubavuni. Muhonja mwenyewe alishawahi kuipiga zamani, akaona haisikii. Safari hii alichomeka simu yake kwenye soketi ile ile, ikapokea moto vizuri. Akabadilisha waya, akaweka ule wa printa. Mashine ikazimika vile vile. Kwa hiyo si soketi, na si waya. Akaandika hayo mawili nyuma ya bahasha, *si soketi, si waya*, ili kesho asianze tena mwanzo.

Jumanne asubuhi alifunga sanduku kwa mpira nyuma ya bodaboda, akalipeleka mjini Kakamega kwa Anwar. Anwar ni fundi, mtu wa Mumias, ndevu fupi zenye mvi, na duka lake ni kama njia tu kati ya kuta mbili, limejaa matumbo ya kompyuta hadi dari. Alimkaribisha, akamuuliza hali ya Lubao, hali ya nyumbani, hali ya mvua, na salamu zilipokwisha akaliangalia lile sanduku kwa huruma.

"Mama, hii ni rika la nyanya yangu," akasema. "Nina moja hapa, imetoka Nairobi juzi, safi. Nikupunguzie?"

"Nyanya yako akiugua mnanunua mwingine?"

Anwar akacheka mpaka akatoa miwani. Akafungua ubavu wa sanduku, akaona vumbi kama la mashine zote za huku, akaliweka mezani mbele ya feni yake kubwa inayovuma kutwa nzima, akawasha. Mashine ikawaka. Wakangoja izime. Haikuzima. Anwar akahudumia wateja watatu, akaenda kuswali adhuhuri akarudi, na mashine ilikuwa inawaka tu, imetulia kama mtoto aliyepelekwa kwa daktari. Angetaka angemuuzia kifaa cha kugawa umeme, kile wanachoita pawa saplai, na Muhonja angelipa. Ila Anwar alichukua kingine cha kwake, akajaribu nacho, akaona hakuna tofauti, akasema wallahi hawezi kumuuzia mtu kitu asichokihitaji. Haina ugonjwa, akasema. Pengine ni umeme wa Lubao.

Muhonja akarudi nayo. Akaisimamisha mahali pake pale pembeni, ukutani, akaivisha kitambaa chake, akawasha. Baada ya dakika kumi, fyu.

Sasa hapa ndipo wengi wangevuka barabara na kumpa Mitchel zile kurasa kwa heshima. Na si kwamba wazo hilo halikumjia. Lilimjia, likakaa kwenye kiti cha wateja, wakatazamana nalo. Lakini Muhonja ni mtu ambaye, akianza kupalilia mstari wa mahindi, hainui mgongo mpaka afike mwisho wake. Alichukua ile bahasha, akaongeza: *si pawa saplai*. Halafu Jumatano asubuhi, badala ya kuwasha, alikaa akaiangalia. Akajiuliza jambo moja tu, kwamba kuna nini hapa ambacho kwa Anwar hakikuwepo.

Hapa kuna ukuta, na kule mashine ilikuwa katikati ya meza. Hapa hakuna feni ya kuvuma. Na hapa kuna kitambaa.

Inafaa kukisema hicho kitambaa. Kila nyumba ya huku ina vitambaa vya kufumwa kwa uzi, vya kochi, vya redio, vya televisheni, vya stuli ndogo ya chai. Kitu cha heshima hakiachwi uchi. Akina mama wa kanisani hukaa pamoja Jumatano wakifuma na kuzungumza, na Muhonja, alipoinunua mashine, kitu cha kwanza alichofanya, kabla hata ya kujua kuichapia, ni kuifumia vazi. Si kile cha kuweka juu tu. Ni vazi lenye mabega, la uzi mzito wa rangi ya maziwa na maua ya bluu, linaloshuka mpaka chini pande zote, na tundu moja mbele la kubonyezea. Vumbi la barabara lisingeingia. Wageni walilisifu. Likichakaa alifuma lingine, na hili lilikuwa la tatu, la uzi mzito kuliko yote, alilolimaliza Pasaka.

Muhonja akanyoosha mkono, akaivua. Akaiwasha ikiwa hivyo hivyo, uchi, akaivuta kutoka ukutani. Dakika kumi zikapita. Ishirini zikapita. Kwenye ishirini na tano ikazima, lakini Muhonja hakukasirika. Alitabasamu, maana sasa ugonjwa ulikuwa umeonyesha mahali unapokaa. Akaweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa la moto kama sufuria ya obusuma, ugali wa huku, iliyotoka kuepuliwa.

Akachukua bisibisi ya cherehani. Alishamwona Anwar akifungua, skrubu mbili tu za nyuma. Ubavu ukatoka, na ndani, mahali palipopaswa kuwa na feni ndogo, paliketi kitu kama panya wa kijivu. Alikigusa kwa kalamu. Kilikuwa vumbi jekundu la Lubao limeshikana na manyoya ya uzi, uzi wa rangi ya maziwa, uzi wa bluu, miaka kumi na mitatu ya vazi lake mwenyewe, umejizungusha kwenye shingo ya feni mpaka feni inageuka kwa shida kama ng'ombe aliyefungwa kamba fupi. Muhonja akakaa chini kidogo. Alikuwa ameiziba pumzi kwa upendo. Akautoa ule uzi kwa koleo la nyusi, mmoja mmoja, akaufunga kwenye gazeti, akaita bodaboda imrudishe kwa Anwar na sanduku lake.

Anwar alipofunguliwa lile gazeti aliuinua ule uzi kwa ncha ya bisibisi.

"Haya ndiyo maradhi?"

"Ndiyo hayo. Nimekuletea kwa sababu wewe ulisema ni umeme wetu."

Anwar akainamisha kichwa, akakubali. Akazungusha feni kwa kidole, akaona shingo yake imelika, akachomoa nyingine kutoka kwenye mashine iliyokufa, akaifunga, na chini yake akapaka ile dawa nyeupe ya kupoza. Hiyo hakuitoza, alisema ni faini yake. Lakini alipowasha, wote wawili wakasikia kitu kingine, kwa sababu sasa feni ilikuwa imenyamaza. Tk, tk, tk. Diski, sanduku dogo la ndani linalohifadhi kazi zote, lilikuwa linagonga. Kuzimikazimika kwa ghafla kulikuwa kumeliumiza.

Anwar akaeleza polepole, akionyesha kila kitu kwa ncha ya bisibisi, kwa kuwa Muhonja alitaka kuonyeshwa. Hii ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ukiongeza, mashine itaacha kufikiri sana. Hii ni diski. Ukiweka mpya ya kisasa, isiyo na kitu cha kuzunguka ndani, haitagonga tena. Hii nayo, bapa kama sarafu, ni betri ya saa. Mashine yenyewe haitawahi kuwa kijana, lakini inaweza kufanya kazi miaka mitano tena. Akataja bei. Pesa alizokuwa nazo Muhonja, zile za mabati ya jikoni, zilikaribia kutosha jambo moja.

"Wengi wanachagua kumbukumbu," Anwar akasema. "Wanataka mbio. Wewe unaandikanga nini, mama?"

"Majina ya watu."

"Yamekaa wapi?"

Muhonja akaonyesha lile sanduku dogo linalogonga. Ndani yake kulikuwa na kila ukoo uliowahi kupita mlango wake. Watu walikuja kumuuliza babu yao alizaliwa na nani kabla ya kwenda kuoa, wasije wakaoa damu yao. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa nayo. Alikuwa hajawahi kufikiri hivyo mpaka aliposikia ikigonga.

"Basi mbio zitangoja," akasema.

Kunakili kulichukua mchana wote. Diski ya zamani iliendelea kugonga, na Muhonja alikaa kando yake mikono mapajani, kama mtu aliyekaa na mgonjwa, akiangalia mstari mdogo wa kijani ukijaa. Ulisimama mara mbili. Mara ya pili Anwar mwenyewe alitamka dua. Ulipofika mwisho Muhonja alilipa, na kwa kile kilichopungua wakapatana jogoo, ingokho mzima wa miguu ya njano, ambaye Anwar angekuja kumchukua mwenyewe siku akipita Lubao.

Alhamisi alikuwa mezani jua likichomoza. Alipowasha, kabla ya kufunguka, skrini nyeusi ilionyesha mistari miwili ya maneno meupe na kusubiri. Muhonja aliona neno la saa na neno la betri, akabonyeza kitufe, akapita. Hakuwa na nafasi ya mazungumzo. Mashine ilifungua upesi kuliko siku aliyoinunua, na yeye akaandika, nyumba kubwa, nyumba ya kati, nyumba ndogo, akikagua kila jina mara mbili kwa rula. Jina asilolisoma vizuri alipiga simu. Saa nane radi zilipoanza kunguruma alikuwa ameshatoa nakala yake moja. Akachomoa waya wote kama kila mtu wa Kakamega achomoavyo saa hizo, akaiweka nakala kwenye mfuko wa plastiki, akashika njia.

Mvua ilikuwa imepungua alipofika kwa Mzee Wesley. Walikuwa wameketi chini ya hema, nyumba tatu, makundi matatu, na mbele kwenye kiti cha mkono mjane mkubwa, Mama Awinja, blanketi mabegani. Titus alichukua nakala, kwa kuwa ndiye mwenye sauti, na alisomea chuo cha Bukura hivyo alipenda kusikika akisoma. Akasoma jalada. Akasoma ukurasa wa kwanza wote, vizuri kabisa, mpaka akafika chini kabisa, kwenye mstari mdogo ambao mashine ya Muhonja huuweka yenyewe kwenye kila ukurasa wa kila kitabu, jina la mahali na tarehe. Akausoma nao.

"Kimechapwa Lubao, tarehe mosi Januari, mwaka wa elfu mbili na nane."

Akausoma tena kwa sauti ya chini.

"Mwaka huo baba alikuwa anapanda miwa," akasema.

Usidhani ni jambo dogo. Kitabu cha kifo cha mtu, chenye majina ya wajane wake, kimeandikwa yeye akiwa hai, akitembea, akila. Mama mmoja wa nyumba ya kati akavuta mtoto wake karibu. Mzee mmoja, ndugu ya marehemu, akauliza polepole ni nani aliyekaa chini miaka hiyo yote iliyopita akamwandikia ndugu yake mazishi, na aliandika kwa nia gani. Osundwa aliangalia viatu vyake. Titus akakifunga kitabu.

Muhonja akaweka mfuko wake chini. Angeweza kusema ni kosa la printa. Neno hilo lilikuwa tayari mdomoni, nao wasingejua. Lakini alikuwa ameshaona ile mistari miwili myeupe ya asubuhi mbele ya macho yake, na akaelewa ilikuwa inamwambia nini. Akasimama.

"Kosa ni langu," akasema. "Naombeni nieleze, halafu mniambie nirudi nyumbani au niketi. Mvua ikikaribia, nyinyi hufanyanga nini na televisheni?"

Mtu nyuma akajibu kwamba wanachomoanga.

"Sote tunachomoanga. Tumezika watu kwa radi. Sasa ndani ya ile mashine kuna kibetri kidogo, kazi yake ni kukumbuka leo ni lini wakati umeme haupo. Pengine mahali pengine kinakaa bure tu. Hapa kwetu kinaachwa peke yake kila mchana, kila siku ya Mungu. Changu kimekufa wiki hii. Kikifa, mashine inaamka haijui leo, inataja siku iliyotengenezwa. Asubuhi iliniambia kabisa. Nikapita kwa sababu nilikuwa na haraka ya majina yenu. Hiyo haraka ndiyo ninayoomba msamaha. Mzee sikumwandikia kitu kabla ya Jumatatu."

Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye pembe za hema. Halafu Mama Awinja akajisogeza kwenye kiti chake.

"Mzee wangu alipokuwa kitandani mwezi uliopita," akasema, bila kumwangalia mtu yeyote, "aliamka asubuhi akaniuliza kama nimemkamua Silaha. Mnamkumbuka Silaha? Ng'ombe tuliyemuuza Osundwa akiingia shule. Nikamwambia nimemkamua. Alikuwa amechoka tu. Hakuwa mchawi."

Kicheko kilianzia kwa wazee, kidogo, kikapita nyumba kwa nyumba, na wengine walikuwa wanajifuta macho papo hapo. Yule ndugu wa marehemu akapiga fimbo yake chini akasema haya, haya.

"Titus, soma," akasema Mama Awinja. "Tumekuja kusikia majina. Hiyo tarehe wacha."

Titus akasoma. Nyumba kubwa ikapita, mikono magotini. Nyumba ya kati ikapita. Kwenye nyumba ndogo, karibu na mwisho, mkono mmoja ukainuka, wa msichana aliyekaa pembeni na kanga kifuani. Kumbe alikuwa amejifungua Jumanne. Mtoto hakuwemo kwenye karatasi yoyote kwa sababu karatasi ziliandikwa kabla hajazaliwa. Jina lake? Akasema Wesley, kwa sauti ndogo, na hapo wanawake wakapiga vigelegele ambavyo havikuwa vya kilio. Muhonja akaliandika kwa kalamu pembeni.

Osundwa alimsindikiza mpaka langoni, na Titus akafuata nyuma yao, hakutaka kuachwa nyuma.

"Mitchel angekuwa ameshamaliza, na rangi," Titus akasema.

"Rangi sina," Muhonja akasema. "Kesho saa kumi na moja vitabu mia moja na hamsini vitakuwa hapa."

"Tarehe je?"

"Tarehe nitaiuliza kalenda."

Osundwa akageuka akatazama miwa ili asionekane anacheka.

Ijumaa asubuhi Muhonja hakuwasha kitu. Alikwenda kwa mtu anayetengeneza saa za mkono kando ya soko, akanunua betri bapa inayolingana na ile aliyoonyeshwa. Alirudi, akafungua ubavu mwenyewe, akaibandua ya zamani kwa ukucha kwa jinsi alivyoona inakaa, akaiweka mpya maandishi yakitazama juu. Mistari myeupe ilipotokea aliisoma yote, neno kwa neno, na kidole chake kikifuata. Akaweka saa. Akaweka siku. Kisha akaenda kwenye ule mstari mdogo wa chini wa kila ukurasa, uliokuwa ukijiandika wenyewe kwa miaka, akaufuta, akaandika tarehe kwa vidole vyake.

Printa ikaanza. Alikunja, akapiga pini, akapanga kumi kumi. Saa nane anga ikawa nyeusi na vitabu mia moja na ishirini tu vikiwa tayari. Radi ya kwanza ilipopasuka alichomoa waya bila kubishana nayo. Mtu angesema hapo ndipo pa kujaribu bahati, dakika ishirini tu. Muhonja alikaa. Alikunja karatasi zilizokuwa tayari, zikaisha, akakaa tena mikono mitupu, mvua ikipiga mabati, akihesabu kichwani kila ukurasa unachukua muda gani. Mvua ilimaliza saa tisa na nusu. Alichomeka, akawasha, na kitu cha kwanza alichoangalia ni kona ya skrini. Ilikuwa Ijumaa. Saa kumi na moja kasoro kidogo bodaboda iliondoka na katoni, na yeye amepanda nyuma ameikumbatia.

Jumamosi alikwenda mazishini kama watu wengine, akasimama nyuma, karibu na migomba. Kitabu kilisomwa kupitia spika kubwa, na msomaji alikuwa mzee wa kanisa, mwenye kusoma taratibu mno. Watu walifuata kwa vidole kwenye nakala zao. Kulikuwa na walionung'unika kwamba koti la mzee limetoka la kijivu, na lilikuwa la kijivu kweli. Nyumba kubwa. Nyumba ya kati. Nyumba ndogo, na mwisho kabisa Wesley mdogo, siku nne. Muhonja alikuwa anatazama mikono. Hakuna uliokwenda juu.

Kando yake alisimama mwanamume ambaye hakumjua, amevaa buti za shamba, ametoka upande wa Bukura kwa wakwe. Aligeuza kitabu akatafuta nyuma, akaona jina la mahali.

"Huyu aliyechapa hii ni nani, unamjua?"

"Ni mimi."

Mtu akamtazama juu mpaka chini. "Sisi tuna nyanya yetu, tunamzika Jumamosi ijayo. Unafanyanga ya rangi?"

"Hapana. Ya rangi yuko Mitchel, ng'ambo ya barabara. Anafanya vizuri."

Yule mtu akafikiri, akifungua na kufunga kitabu. Kwenye spika walikuwa wameanza wakwe, na wakwe walikuwa wengi.

"Nyanya alizaa kumi na wawili," akasema. "Wengine walikwenda Uganda."

"Lete majina yao," Muhonja akasema. "Lete hata ya wale msio na hakika nao."

"Jumatatu?"

"Jumatatu nitakuwepo."